Kuzama ili Kupona: Wanajeshi Waliojeruhiwa na Shule ya Maji

Kwetu sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, neno kuzama halina sura nzuri. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Sisi wa darasa la falsafa, ambao wengi wetu tuna miaka 24 au 25, hatukuwa tumezaliwa siku ile. Hata hivyo tumekua tukisikia majina ya ndugu waliokwenda na meli hiyo, na tumekatazwa na mama zetu kucheza mbali na ufukwe kwa sababu yao. Kwa hiyo kundi letu la semina lilipopewa mada ya mwili na roho katika somo la Falsafa ya Mtu, na mmoja wetu akapendekeza tutazame habari za wanajeshi waliokatwa miguu wanaofundishwa kupiga mbizi baharini, wengine tuliguna. Mtu azame ili apone?

Tulikaa na swali hilo muhula mzima. Tunaandika hapa yale tuliyoyapata, kwa sababu tunaona yanagusa zaidi ya bahari. Yanagusa namna tunavyowatazama watu wenye ulemavu katika familia, vigango na jumuiya zetu.

Ilikoanzia

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu aliyevunjika uti wa mgongo hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Alilazwa chali, akapata vidonda vya mgongoni na maambukizi ya kibofu na figo, akafa. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alikabidhiwa kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kisha akafanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wanajeshi 16 wenye viti vya magurudumu walishindana kulenga shabaha kwa upinde kwenye uwanja wa hospitali hiyo. Hapo ndipo mizizi ya Paralimpiki ilipo.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1943, Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini, pamoja na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kutoka kwenye mtungi kwa kadiri anavyovuta pumzi, na kwa kanieneo inayolingana na ya maji yanayomzunguka. Cousteau mwenyewe aliingia baharini akiwa majeruhi. Alitaka kuwa rubani, lakini ajali mbaya ya gari ilimvunja mikono na kuizima ndoto hiyo, naye akaogelea ili kuirudishia mikono nguvu zake. Kwa hiyo mtu aliyewafungulia wengine mlango wa kilindi aliufikia akitafuta kupona.

Njia hizo mbili, ya Guttmann na ya Cousteau, zilikuja kukutana. Mwaka 1981 Jim Gatacre alianzisha huko California chama cha Handicapped Scuba Association, kinachofundisha watu wenye ulemavu kupiga mbizi na kuwafundisha wakufunzi wao. Mwaka 2001 Jim Elliott alianzisha Diveheart katika jimbo la Illinois. Mwaka 2007, vita vya Irak na Afghanistan vikiendelea, mpango uitwao Soldiers Undertaking Disabled Scuba, kwa kifupi SUDS, ulianza katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington. Vijana wa umri wetu, wengi wao wakiwa wamekatwa miguu au mikono kwa sababu ya mabomu yaliyotegwa barabarani, waliingizwa kwenye bwawa la kuogelea kujifunza, kisha wakapelekwa baharini. Uingereza nako ulianzishwa mpango wa aina hiyo uitwao Deptherapy.

Maji yanavyombeba mtu

Archimedes alifundisha kwamba mwili uliomo majini unasukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji uliyoyaondoa mahali pake. Mpiga mbizi huvaa jaketi linaloweza kujazwa hewa na kupunguzwa, na mkanda wa risasi, yaani yale madini mazito. Akivipatanisha vizuri, hapandi wala hashuki. Wengine husema hapo hakuna mvutano wa dunia. Si kweli, mvutano upo, ila umepata mwenzake wa kushindana naye. Kwa mtu ambaye kila asubuhi huhesabu namna ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi chooni, tofauti hiyo si ya kitabuni. Majini anageuka kulia, kushoto, juu na chini kwa kupumua tu: akivuta pumzi anapanda kidogo, akiitoa anashuka.

Lakini maji hayampokei kila mtu kwa namna moja, na hapa ndipo tulipoheshimu kazi ya wakufunzi. Mtu aliyekatwa mguu mmoja hupinduka upande, kwa hiyo uzito wa mkanda lazima uhamishwe mpaka mwili utulie. Aliyepooza miguu huogelea kwa mikono, na wengine huvaa glavu zenye utando kati ya vidole, kama mguu wa bata. Ngozi isiyo na hisia inaweza kuchanika kwenye matumbawe au kupata baridi kali bila mwenyewe kujua, kwa hiyo huvalishwa suti ya mwili mzima na hukaguliwa akitoka. Asiyeona hupewa ishara za mguso mkononi. Kabla ya yote daktari lazima athibitishe kwamba mapafu, moyo na masikio vinafaa, kwa maana kila mita 10 kanieneo huongezeka kwa kiasi sawa na kile cha hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu.

Kilichotuvutia zaidi ni namna chama cha Gatacre kinavyowapanga wapiga mbizi. Hakiulizi kwanza mtu amepungukiwa na kiungo gani. Kinauliza: je, anaweza kujitunza mwenyewe majini, na je, anaweza kumsaidia mwenzake akipata shida? Anayeweza yote mawili yuko daraja A, naye hupiga mbizi na mwenzi mmoja kama mtu mwingine yeyote. Anayeweza kujitunza lakini hawezi kumwokoa mwenzake yuko daraja B, naye huenda na wenzi wawili. Anayehitaji msaada yuko daraja C, naye huenda na wenzi wawili, mmoja wao akiwa amefundishwa uokoaji. Kwa kipimo hicho mtu asiye na miguu anaweza kuwa daraja A, na akawa yeye ndiye tegemeo la mwenye miguu miwili.

Wanapona kweli?

Falsafa imetufundisha tusikimbilie hitimisho. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitoa taarifa juu ya wanajeshi wastaafu 10 wenye majeraha ya uti wa mgongo waliokwenda kupiga mbizi katika visiwa vya Cayman. Waliona kukakamaa kwa misuli kumepungua, hisia ya mguso imeongezeka kwa baadhi yao, na dalili za kiwewe cha vita zimeshuka. Ni habari njema, lakini watu 10 ni wachache, na hatuwezi kujenga kanuni ya jumla juu yao. Huenda ni maji, huenda ni kanieneo, huenda ni safari yenyewe na kukaa pamoja na watu waliopitia mambo yaleyale.

Hata hivyo lipo jambo tunaloweza kulielewa bila maabara. Kanuni ya kwanza ya kupiga mbizi kwa mtungi ni kutozuia pumzi kamwe, kwa sababu hewa iliyofungiwa mapafuni hutanuka mtu anapopanda na inaweza kuyapasua. Kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kupumua polepole na bila kukatiza. Askari ambaye usiku hushtuka akisikia mlango umebamizwa, anashuka mahali pasipo na mlango wala redio ya kijeshi, ambapo sauti ya karibu kuliko zote ni ya pumzi yake mwenyewe. Na asipotulia hatafika mbali, kwa kuwa mwenye hofu huimaliza hewa ya mtungi mapema.

Nina mwili, au ni mwili?

Plato, katika Phaedo, anamwonyesha Sokrate akizungumza juu ya mwili kama kifungo cha roho. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, hakukubali njia hiyo: kwake roho ni umbo la mwili, na mtu ni vyote viwili kwa pamoja. Katika karne iliyopita Gabriel Marcel, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Msalaba Mwekundu ya kutafuta habari za askari waliopotea, aliandika kitabu juu ya tofauti ya kuwa na kumiliki. Alisema kwamba mwili wangu si kitu ninachokimiliki tu kama ninavyomiliki saa.

Tulipokuwa tukijadili hilo, mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kumiliki kama walicho nacho Wazungu. Sisi husema kuwa na. Nina mguu, yaani niko pamoja na mguu. Basi askari aliyepoteza mguu hakupoteza mali. Ameachana na mwenziwe wa tangu tumboni mwa mama. Ndiyo maana kumpa mguu wa bandia na pensheni hakumalizi jambo. Anahitaji kujifunza upya kuwa pamoja na mwili uliobaki, na hilo halifundishwi kwa maneno. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, alikubali mateso ya kuvunjwa tena na kukatwa mfupa ili mguu unyooke kama wa askari wa zamani, na bado mmoja ukabaki mfupi. Ilimchukua miezi mingi ya kulala kitandani kuanza kuuona mtu mwingine ndani yake.

Na maji yana somo jingine. Mita 15 chini, sisi tunaojiita wazima hatuwezi kupumua, hatuwezi kusema, na miguu yetu haina ardhi ya kukanyaga. Bila mtungi tunakufa baada ya dakika chache. Wote tunategemea kifaa, na wote tunategemea mwenzi aliye kando yetu. Kiziwi anayejua lugha ya alama huzungumza huko chini kwa uhuru kuliko sisi. Ulemavu, basi, haukai ndani ya mtu peke yake. Sehemu yake kubwa inakaa kati ya mtu na mahali alipowekwa. Mwaka 2012 msanii Mwingereza Sue Austin alishuka majini na kiti chake cha magurudumu kilichofungwa mota na mapezi, akazunguka nacho kama ndege. Kilikuwa kiti chenye magurudumu kama kile ambacho juani watu hukitazama kwa huruma.

Bethzatha ya zamani na ya sasa

Mwaka 2011 hospitali ile ya Walter Reed iliondoka Washington na kuunganishwa na hospitali ya jeshi la majini iliyoko Bethesda, katika jimbo la Maryland. Mji huo ulipata jina lake kutoka kanisa moja la Kipresbiteri, na kanisa lilipata jina kutoka birika la Bethzatha linalosimuliwa na Mwinjili Yohane katika sura ya 5. Msomaji anaikumbuka habari hiyo. Palikuwa na matao matano yaliyojaa vipofu, viwete na waliopooza, na mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38. Alipoulizwa kama anataka kupona, hakulalamikia ugonjwa wake. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia ndani ya maji, na kwamba kila akijaribu mwingine humtangulia.

Hatudai kwamba wakufunzi wa mbizi wanatenda muujiza. Tunasema tu kwamba lalamiko la mtu yule linaeleweka kabisa kwenye ukingo wa bwawa lolote leo. Maji yapo, mtu wa kuingia naye ndiye adimu.

Bahari hiyohiyo huvunja watu

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Katika pwani ya Honduras, watu wa kabila la Miskito wamepiga mbizi kwa miaka mingi kutafuta kambakoche wa kuuzwa nje. Walishushwa mara nyingi kwa siku, kina kirefu, kwa vifaa vibovu na bila mafunzo. Mtu akipanda haraka, gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo yanaweza kuua neva za uti wa mgongo. Wengi walipooza, wengine walikufa. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu katika kesi yao dhidi ya Honduras.

Kwa hiyo bahari moja humpa aliyepooza nafasi ya kuruka, na humpoozesha aliyekuwa akikimbia. Maji hayana upendeleo. Tofauti imo katika swali la nani aliyemshusha mtu, kwa ajili ya nani, na kama alimfundisha kupanda. Tuliona kwamba tukisifu maji bila kusema habari za Wamiskito, tungekuwa tunasifu mashua na kumsahau mpiga kasia.

Mzee wa kigango

Jumamosi, wakati wa utume, huwa tunamtembelea mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Mwaka 1979, ng'ambo ya mpaka, alikanyaga bomu la kutegwa ardhini na mguu wake wa kushoto ukakatwa. Kwa miaka mingi alitembea kwa magongo. Sasa goti lililobaki limechoka, na anatumia kiti cha magurudumu. Hujafa hujaumbika, husema wahenga, na yeye huisema methali hiyo akicheka. Lakini kanisani amekuwa haonekani, na Komunyo hupelekewa nyumbani.

Tulimsimulia habari za wanajeshi wa Marekani na mbizi zao. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Huyo mwenzake wa majini, anamshika wapi?"

Tulimweleza tulivyosoma: kwamba mwenzi mzuri huogelea pembeni, karibu, anamwangalia usoni na kuangalia kipimo cha hewa, lakini hamshiki mpaka aombwe au iwe hatari.

"Basi huyo amefundishwa," alisema. "Nyinyi mafrateri mnadhani siji kanisani kwa sababu ya mguu. Mguu nimeuzoea, ni zaidi ya miaka 40. Ngazi za kanisa ni saba. Vijana wetu wana moyo mwema, wananibeba na kiti changu kama gunia la kahawa, na kanisa zima linageuka kutazama. Hao wenzangu wamepewa bahari, Mungu awabariki. Mimi sijaomba ziwa."

Wapo watakaosema kwamba kupiga mbizi ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba kwetu, penye upungufu wa viti na miguu ya bandia, ni mzaha kulizungumzia. Tunakubali kwamba gharama ni kubwa na kwamba mtungi wa hewa si hitaji la kwanza la askari aliyerudi kutoka Somalia au Kongo bila mkono. Lakini mzee huyu ametuonyesha kwamba hoja haikuwa mtungi. Wale walioanzisha mipango hiyo walikataa wazo kwamba aliyejeruhiwa akishalishwa na kutibiwa amemaliziwa haki zake. Waliona anadaiwa pia furaha, kazi ya kujifunza, hatari ya kiasi, na nafasi ya kumsaidia mwingine. Kulisha mtu ni lazima. Kumbeba, pengine, ni lazima. Lakini kumbeba mtu anayeweza kusindikizwa ni kumnyang'anya kile kidogo alichobaki nacho.

Tulirudi pale kanisani na futi ya fundi. Ngazi saba zina kimo cha sentimita 105. Kipimo kinachotumika na wajenzi kwa njia ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Hapo inahitajika njia ya mita 12 na sentimita 60, na uwanja wa mbele una mita 9 tu kabla ya barabara, kwa hiyo itabidi ikate kona katikati na kuwekewa kituo cha kupumzikia. Halmashauri ya kigango imekubali kutoa mawe na mchanga. Saruji bado inatafutwa, na kama yupo msomaji fundi mwenye ushauri juu ya kona hiyo, tutashukuru kuupata kabla ya mvua za masika.

Mzee tulimpelekea mchoro autazame. Alibadilisha jambo moja. Aliomba ukuta wa pembeni uwe na bomba la kushika pande zote mbili, ili apande mwenyewe, na atakayefuatana naye atembee kando.